Mawimbi Marefu Katika Bustani Fupi

Redio ya ridhaa, yaani ile inayoendeshwa na mtu binafsi kwa ajili ya kujifunza na kufanya majaribio bila kutafuta faida, ilichelewa mno kufika katika mawimbi marefu nchini Uingereza, kwani ni mwaka 1996 ndipo wenye leseni walipoanza kuruhusiwa kurusha katika masafa ya kilohezi 73, na miaka miwili baadaye wakafunguliwa yale ya kilohezi 136. Kabla ya hapo mawimbi ya aina hiyo yalikuwa milki ya mitambo mikubwa, mfano wa ule wa Grimeton nchini Sweden, uliojengwa katika miaka ya 1920 na kutuma kwa kilohezi 17.2 kupitia nyaya zilizotandazwa juu ya minara sita, kila mmoja ukiwa na kimo cha mita 127.

Waliojenga vituo vyao wakati ule hukumbuka koili kuliko kitu kingine chochote. Wimbi la kilohezi 136 lina urefu wa takriban mita 2,200, kwa hiyo antena ya robo ya wimbi, ambayo ndiyo kipimo cha kawaida cha antena inayosimama wima, ingehitaji mlingoti wa mita 550, kimo ambacho bustani ya nyuma ya nyumba haikimudu wala jirani hakivumilii. Waya wa mita kumi na tano hutenda kama kapasita ndogo, yaani kifaa cha kuhifadhi chaji, na haupitishi mkondo wa maana mpaka uunganishwe na koili kubwa inayofidia ufupi wake. Koili hiyo wengi waliitengeneza wenyewe kwa kuzungusha waya mara nyingi juu ya ndoo au pipa la plastiki, kisha wakajifunza kuiogopa, kwa sababu volti za juu yake hufikia maelfu na hurusha cheche panapoingia unyevu. Hata baada ya kazi hiyo, sehemu kubwa ya nguvu iliishia kupasha joto udongo na koili yenyewe, kiasi kwamba mtambo wa wati mia kadhaa ulitoa hewani chini ya wati moja.

Kilichobadilika ni usikivu. Mwanzoni msimbo wa Morse ulisikilizwa kwa sikio, lakini baadaye nukta moja ilirefushwa hadi sekunde tatu au zaidi, na kompyuta ikachora ishara hiyo kwenye skrini, ambapo jicho liliweza kusoma kile ambacho sikio lilikuwa limekipoteza ndani ya kelele. Kwa njia hiyo, mapema mwaka 2001, vituo vya Uingereza na Kanada viliwasiliana pande zote mbili kwa kilohezi 136. Mwaka 2008 Joe Taylor, mwanafizikia wa Marekani aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1993, alitoa programu ya WSPR, ambayo hutuma alama ya utambulisho ya kituo, mahali kilipo na nguvu yake kwa muda usiofika dakika mbili, huku mwenye kituo akiwa amelala. Kwa maoni ya mwandishi wa kumbukumbu hizi, programu hiyo iliongeza umbali na kupunguza raha.

Sheria nazo zilipanuka. Kilohezi 73 ziliondolewa mwaka 2003, lakini mkutano wa kimataifa wa mawasiliano ya redio wa mwaka 2007 uliidhinisha kilohezi 135.7 hadi 137.8 duniani kote kwa nguvu isiyozidi wati moja, na ule wa mwaka 2012 ukaongeza kilohezi 472 hadi 479. Wakati huohuo nyumba zilijaa chaja na taa zinazomwaga kelele katika masafa hayohayo, ndiyo maana katika vituo vingi vya sasa antena ya kupokelea ni kitanzi kidogo kilichowekwa mwisho kabisa wa bustani, ilhali ya kurushia ingali waya uleule na koili yake.