Si Maneno ya Simu

Mama alikuwa na kauli yake: "Hayo si ya simu, njoo nyumbani." Ukimpigia kuuliza posa ya fulani imekataliwa kwa nini, jibu ndilo hilo. Ufunge safari hadi Tanga, ukae jikoni, mlango urudishwe, ndipo usimuliwe.

Mwaka 2013 dada yangu akaenda Muscat kufanya kazi. Nikamnunulia mama simu janja, nikamwekea WhatsApp. Enzi hizo programu ile ilijisifia yale isiyokuwa nayo: haina matangazo, haikuulizi jina wala siku ya kuzaliwa. Walisema ada ni dola 1 kwa mwaka. Sijapata kumwona aliyeilipa. Mwezi haukwisha, mama akawa anatuma voisi za dakika saba: nani kaachika, nani kauza shamba la mirathi. Kauli yake ikafa.

Februari 2014 Facebook ikatangaza kuinunua WhatsApp kwa dola bilioni 19. Mwanzilishi mmoja wa WhatsApp, Jan Koum, aliandika kuwatuliza watumiaji, akakumbuka utoto wake Ukraine ya Kisovieti, jinsi mama yake alivyokuwa akikatiza maongezi ya simu na kusema mengine watayazungumza wakionana. Nilicheka peke yangu. Mtu aliyelelewa na mama kama wangu! Nakiri, nilimwamini kwa hilo tu.

Agosti 2016 ikaja taarifa kwamba namba zetu zitafikishwa Facebook. Nikabonyeza "kubali" nikiwa nimening'inia kwenye daladala. Mwaka uliofuata Tume ya Ulaya iliitoza Facebook faini ya yuro milioni 110: wakati wa ununuzi ilidai haiwezekani kuoanisha kwa uhakika akaunti za pande hizo mbili, na kumbe wafanyakazi wake walijua tangu 2014 kuwa inawezekana. Mfanyabiashara kubadili nia ni kawaida, hata muuza samaki hubadili bei jua likipanda. Kujua jambo na kusema jingine ndiko kulikonichoma. Brian Acton, mwanzilishi mwenzake Koum, aliondoka 2017, na Machi 2018 akawahimiza watu waifute Facebook.

Januari 2021 WhatsApp wakaleta masharti mapya, grupu la ukoo likawaka moto. Binamu akaapa kwamba wanasikiliza voisi zetu. Si kweli: tangu 2016 ujumbe unafungwa kwa namna ambayo hata kampuni haiwezi kuufungua. Nikaeleza, nikarudia, nikachoka. Ila mama aliponiuliza kama kweli hawajui kitu, nilikwama. Namba yako wanaijua, simu unayotumia wanaijua, na saa unazoingia na kutoka. Jirani anayezijua saa zako za kuingia na kutoka ana haja gani ya kutega sikio dirishani?

Tukahamia Signal, programu nyingine ya ujumbe, ambayo Acton huyohuyo aliitolea fedha nyingi. Tukawa wawili tu humo, mimi na mama, kama waalikwa waliofika harusini kabla ya siku. Dada hakuja, shangazi hawakuja, michango ya msiba ikaendelea kupangwa kulekule tulikotoka. Baada ya wiki tatu tukarudi kimya kimya. Hakuna aliyetuuliza tulikuwa wapi.

Juzi mama kanitumia voisi. Nilidhani ni zile ndefu, nikatafuta pa kukaa. Ilikuwa sekunde nne: "Mwanangu, kuna neno la shamba. Njoo."