Swali Nililolikemea
Mwaka 2019 mwanafunzi wangu aliniletea gazeti lenye picha ya shimo jeusi la angani, ambalo hata nuru haitoki ndani yake. Nilimkemea mbele ya wenziwe: "Kisichotoa nuru hupigwaje picha?" Tangu hapo hakuniuliza neno.

Kumbe ionekanayo ni nuru ya gesi ya moto inayolizunguka. Mfaransa Jean-Pierre Luminet alilipigia hesabu jambo hilo kwa kompyuta mwaka 1979. Ikampa tarakimu, naye akachora kwa mkono wake, nukta kwa nukta za wino, zikisongamana palipo na nuru nyingi. (Subira hiyo naijua kwa wanakili wa misahafu.) Picha yenyewe ikaja baada ya miaka 40.

Kijana yule sasa anasoma hesabu Dar es Salaam. Nimemwandikia kumtaka radhi, jibu sijapata.