Ng'ambo ya Mto Kagera

Mimi ni mtu wa visiwani. Nimezoea kuona watu wakitenganishwa na bahari. Karagwe na Kyerwa nilikuta mto, Kagera, ukifanya kazi hiyohiyo. Tangu machafuko ya 1959 Wanyarwanda waliuvuka wakitafuta hifadhi; wakalima, wakafuga, wakazaa. Mwaka 1980 Tanzania ilikubali kuwapa uraia wakimbizi wa Kinyarwanda wapatao 36,000. Wenzao walioko uhamishoni hawakuacha kuitazama njia ya kurudi: waliunda chama cha RANU, kilichogeuka RPF mjini Kampala mwaka 1987. Mwaka 1994 likaja wimbi jengine la wakimbizi, nalo likarejeshwa Desemba 1996. Mwaka 2013 wasio na hati wakaamriwa waondoke, wakiwamo waliozaliwa hukuhuku.

Chama huandika katiba. Moyo hauna katiba. Aliyewazika wazazi wake Karagwe, kwao ni wapi? Sisi ambao jamaa zetu walihamia Muscat na Dubai baada ya 1964, swali hili twalijua. Ndiyo maana neno "mgeni" nalitamka kwa hadhari: kaburi la mzazi nalo ni hati, ingawa halina muhuri.