Mboga za Bustani Yetu Siku Kuu ya Noeli

Katika jamaa nyingi za mji wetu wa Lubumbashi, Noeli isiyo na kuku mezani huhesabiwa kuwa Noeli ya aibu. Nami nilihesabu hivyo mpaka mwaka 1993.

Mwaka ule nchi yetu iliitwa bado Zaire, na fedha yake ilikuwa imepoteza nguvu kabisa. Mwezi wa Oktoba Serikali ikatoa fedha mpya: zaire moja mpya ilikuwa sawa na zaire milioni 3 za zamani. Kampuni niliyoitumikia ilikuwa haijatulipa kwa miezi mitatu. Ndipo kaka yangu mkubwa akaleta habari kwamba atakula nasi Noeli, pamoja na mke wake na watoto. Yeye alikuwa karani, mtu wa suti na viatu vya kung'aa. Nilimwogopa kidogo, ninaungama.

Basi nikakusudia kuweka baisikeli yangu rehani ili ninunue kuku wawili na mchele. Mke wangu akaniuliza: «Baba Yosefu, na mwezi wa Januari utafikaje kazini?» Sikumjibu. Tukalala tumenuniana. Hata hivyo, asubuhi baisikeli ilibaki ukutani.

Tangu mvua za kwanza mke wangu alikuwa akilima kipande cha ardhi nyuma ya nyumba. Sikumsaidia hata siku moja. Mbegu za lengalenga alizimwaga katikati ya Novemba. Kufika Noeli majani yalikuwa laini bado, hayajatoa maua. Maboga yalikuwa yametambaa juu ya ua, nayo majani yake machanga aliyapika kwa karanga zilizotwangwa. Mihogo ilikuwa ya mwaka uliotangulia, na majani yake ndiyo sombe. Sombe si mboga ya haraka. Majani mabichi yana sumu. Sharti yatwangwe sana, kisha yachemke muda mrefu katika chungu kisichofunikwa, ndipo yatiwe mawese. Aliyatwanga mchana wa tarehe 24, na mlio wa kinu ulinichoma moyo, maana nilidhani majirani wote wanausikia umaskini wetu.

Baada ya Misa wageni wakafika. Kaka yangu akanawa, akakata tonge la bukari, akala kimya. Akaomba sombe mara ya pili, hata ya tatu. Mke wake hakuinua macho. Watoto wao walikula kwa pupa, nasi tukajifanya hatuoni.

Jioni akanivuta pembeni. Suti ilikuwa ile ile, lakini viatu vilikuwa vimeshonwa kwa uzi wa gunia.

«Mdogo wangu, sisi hatujalipwa tangu Agosti. Nyumbani hamna kitu. Mwambie mama Yosefu atuchumie hata kidogo.»

Mke wangu hakuuliza neno. Giza lilikuwa linaingia, naye akachuma lengalenga na sombe mpaka kikapu kikajaa. Kisha akakata vijiti vya mihogo, kila kimoja urefu wa shibiri, akavifunga kwa kamba, akamwambia shemeji yake avipande juma lile lile, mvua zingali zinanyesha. Mzigo tukaufunga juu ya baisikeli, nami nikaisukuma mpaka kwao.