Gari Lililolala Masika

Wapo watu wanaodhani kwamba motokaa isiyotembea haiharibiki. Huifungia bandani, huweka ufunguo kabatini, wakaamini kuwa wameizidishia umri. Ni kweli kwamba mashine huchakaa kwa kusuguana, lakini kusimama nako kuna maradhi yake, na maradhi hayo ni mengine kabisa. Asiyeyatenga maradhi ya mwendo na ya kusimama huweza kutibu kisichoumwa, tena kwa fedha nyingi, na pengine akamtwika mtu asiye na hatia mzigo wa lawama.

Katika nchi za baridi kali, kama Kanada na Sweden, jambo hili linafahamika sana. Huko chumvi humwagwa barabarani ili kuyeyusha barafu, nayo hula mabati; kwa hiyo wenye magari wanayoyaenzi huyafungia kwa miezi yote ya baridi. Wakati wa kuyatoa unapofika, baadhi yao hukuta klachi imegoma. Sisi wa pwani hatufungii magari kwa sababu ya barafu, lakini tunayo masika. Kuanzia Machi hadi Mei hewa hujaa maji, na upepo wa bahari huleta chumvi yake bila kuombwa.

Baba yangu mdogo, mwalimu mstaafu wa Tanga, ana Peugeot 504, gari la aina ile iliyoanza kuundwa Ufaransa mwaka 1968 na kushinda mashindano ya Safari Rally mwaka 1975 na 1978. Mwaka jana, mwanzoni mwa Machi, alikwenda Dar es Salaam kutibiwa macho, asirejee hadi Juni. Muda wote huo gari lilisimama chini ya banda la makuti. Aliporudi, betri ilitiwa chaji na injini ikaitika. Lakini kila alipojaribu kutia gia, meno yalisagana kwa kelele hata majirani wakachungulia. Gia haikuingia.

Fundi wa kwanza aliyeitwa hakuinama hata kutazama chini ya gari. Alitoa hukumu papo hapo: klachi imekwisha, giaboksi ishushwe, diski na presha pleti zinunuliwe mpya. Gharama aliyoitaja ilikaribia ada ya muhula ya binti mdogo wa nyumba hiyo, aliyekuwa chuo cha uuguzi. Kisha akaongeza kwamba klachi huuliwa na dereva asiyeondoa mguu wake juu ya pedali. Macho yote yakamgeukia kijana wa pili wa nyumba, aliyekuwa akipeleka nazi sokoni kwa gari hilo mwezi Februari. Kijana aliinamisha kichwa, asijibu neno. Kwa adabu zetu mtoto habishani na baba yake mbele ya mgeni, na ukimya wake ukahesabiwa kuwa ndio ungamo. Usiku ule hakula na wenzake.

Aliyekataa hukumu hiyo ni mama mdogo. Kesho yake asubuhi, baada ya chai, alisema kwa sauti ya chini, "Mwalimu, siku moja kabla hujasafiri uliliendesha mwenyewe mpaka msikitini na kurudi. Gia iligoma?"

Mzee alifikiri, akasema haikugoma.

"Basi limeharibiwa na nani, nalo limelala?"

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Diski ya klachi huliwa inapoteleza huku injini ikizunguka. Haiwezi kuliwa usiku ikiwa imetulia bandani. Tena diski iliyokwisha huwa na dalili zake: injini hunguruma kwa kasi lakini gari halivuti, hasa mlimani, na harufu ya kuungua husikika. Gari la baba mdogo lilikuwa na dalili iliyo kinyume na hiyo. Klachi yake haikuteleza, bali ilikataa kuachia.

Aliitwa fundi mwingine, mzee aliyefanya kazi miaka mingi katika karakana ya shamba la mkonge. Huyu alianza kwa maswali na vipimo vidogo visivyogharimu kitu. Kwanza alitazama kichupa cha mafuta ya klachi. Mafuta hayo, ambayo ni ya aina ile ile ya breki, hunyonya unyevu wa hewa, na unyevu huo huozesha silinda na kuharibu mipira yake. Ndiyo maana mafundi hushauri yabadilishwe kila baada ya miaka miwili. Kichupa kilikuwa kimejaa. Pili alimwita kijana akanyage pedali. Ingalizama mpaka chini bila uzito, ingekuwa ishara ya mafuta kuvuja au hewa kuingia. Haikuzama, ilikuwa ngumu kama desturi yake. Tatu alilala chini ya gari, akaona fimbo ya silinda ya klachi ikisukumwa barabara kila pedali ilipokanyagwa. Mwisho aliamuru injini izimwe, kisha gia itiwe. Gia zote nne ziliingia kwa ulaini.

"Diski imeshikwa na kutu," akasema.

Alitueleza hivi. Diski hukaa katikati ya gurudumu zito la injini na presha pleti, ikibanwa na springi zenye nguvu. Ukikanyaga pedali, mbano huo huachiliwa, na diski hubaki huru katika upenyo mwembamba sana. Gari likisimama miezi kadhaa penye unyevu, nyuso za chuma huota kutu, na kutu hiyo huigandisha diski. Hapo pedali hufanya kazi yake yote, lakini diski haibanduki.

Dawa yake ilihitaji uwanja na uangalifu. Injini iliwashwa ikapata joto, ikazimwa. Gari likasukumwa hadi kiwanja kitupu, watoto wakaondolewa mbele na nyuma. Fundi akampa usukani kijana yule yule aliyelaumiwa: atie gia ya kwanza injini ikiwa imezimwa, akanyage klachi mpaka mwisho, ndipo awashe. Gari liliruka na kwenda, kama ilivyotarajiwa. Akiwa bado amekanyaga klachi, aliongeza mafuta na kuyaachia, kisha akakanyaga breki. Mara ya tatu mshindo ukasikika chini, gari likasimama, na injini ikaendelea kunguruma peke yake. Diski ilikuwa imebanduka. Kwa siku chache gari lilitetemeka wakati wa kuondoka, hata kutu iliyobaki ikasuguliwa ikaisha.

Baba mdogo hakusema mengi. Alimlipa fundi ujira wake, akamwambia kijana, "Ufunguo utakaa kwako." Ada ya binti ililipwa kwa wakati.

Msomaji mwenye gari la kulaza na aweke haya moyoni. Gari liwashwe kila juma na kusogezwa mbele na nyuma, klachi ikikanyagwa mara kadhaa. Kama hakuna wa kufanya hivyo, wapo wanaoegemeza kipande cha mti kati ya kiti na pedali, ili klachi ikae imeachia muda wote wa kulala. Banda liwe na hewa na sakafu kavu. Na likigoma, fundi aulizwe amepima nini kabla hajatajiwa bei. Ikiwa diski haikubanduka baada ya kujaribiwa mara kadhaa, hapo ndipo giaboksi ishushwe. Kulilazimisha zaidi ni kuvunja vilivyo vizima. Aliyeliendesha gari hilo mwisho aulizwe naye aliliachaje, kwa sauti ya kutaka kujua.