Danum: fungate ya kunyamaza

Zanzibar mmeshakwenda, Mombasa mmeshaizoea. Kama wewe na mwenzako mnadunduliza kwa ajili ya safari moja kubwa, basi lifikirieni Bonde la Danum, jimbo la Sabah, upande wa Malaysia wa kisiwa cha Borneo.

Huko anaishi kijang wa njano, mnyama wa jamii ya ayala asiyepatikana popote nje ya Borneo. Wanasayansi walimtambua kuwa spishi ya peke yake mwaka 1982 tu. Ni mdogo, kilo 15 hivi, na dume ana vijipembe vifupi visivyo na matawi. Chakula chake ni majani, machipukizi na matunda yaliyodondoka. Akishtuka anabweka, utadhani mbwa! Wengine humsikia tu, wasimwone.

Ndiyo maana huku hakuna muziki wala stori za kelele. Mnamfuata mwongoza wageni, soksi za kuzuia ruba mmezivuta hadi magotini, mkiongea kwa kushikana mkono. Juu yenu ni miti mirefu ajabu. Mmoja wa humo bondeni ulipimwa mwaka 2019 ukazidi mita 100. Wapenzi wanaoweza kunyamaza pamoja saa mbili bila kununiana, hao ndio watakaoifaidi Danum.

Mnafikaje? Ndege hadi Kota Kinabalu, nyingine hadi Lahad Datu, kisha gari kwa kilomita kama 80. Msisinzie njiani. Kabla ya msitu mtapita mashamba ya michikichi, mstari baada ya mstari. Hapo zamani palikuwa msitu kama huo mnaouendea. Chini ya michikichi hakuna matunda ya porini ya kumwangukia kijang.

Na mafuta yake yanakwenda wapi? Dunia nzima, jikoni kwetu pia. Kenya na Tanzania hununua mawese kutoka Malaysia na Indonesia, kwa hiyo huenda hata chapati zenu za Jumapili zimepita huko.

Hifadhi ya Danum ina kilomita za mraba 438, haifiki hata mara nne ya Hifadhi ya Taifa ya Nairobi. Nendeni mkaione. Mkirudi, geuzeni dumu la mafuta msome lebo, muulize mawese hayo yametoka wapi. Msipopata jibu msigombane: alizeti ya Singida ipo.