Rafiki Yangu, Fundi wa Sauti wa Kigongo

Kwetu ni Kigongo, Wilaya ya Misungwi, pale barabara itokayo Mwanza inapokutana na maji ya ghuba. Rafiki yangu ninayetaka kuwaeleza habari zake amenizidi umri kwa miaka tisa. Mimi humwita Kaka, naye huniita Mwanafunzi, jina ambalo hulitamka kama cheo.

Ni mwanamuziki, tena ni fundi wa kurekodi. Hana bendi wala tajiri wa kumwamuru. Hupiga gitaa na kinanda, hutunga na kuimba kwa Kisukuma na Kiswahili, kisha huketi mbele ya kompyuta kuukuu akirekebisha sauti ya kila chombo hata usiku wa manane. Zamani kazi hii haikuwa ya mtu mmoja. Katika miaka ya 1970 bendi zetu nyingi zilirekodiwa katika studio ya Radio Tanzania, Dar es Salaam, na aliyetoka mbali alifunga safari kwanza. Studio ya rafiki yangu ni chumba kimoja cha kupanga, nyuma ya duka la nafaka.

Nilipoingia humo mara ya kwanza, likizo ya Juni 2024, nilitazamia kuona trei za mayai ukutani. Kumbe alikuwa amezibandua. Akapiga kofi moja katikati ya chumba, akaniambia nisikilize. Kisha akatundika mablanketi mawili mazito, akapiga tena, na safari hii sauti ikafa papo hapo. Alisema trei ni nyepesi mno, hazimezi sauti nene wala hazizuii kelele za nje. Habari za mwangwi tulikwisha fundishwa katika Fizikia, nami nilikuwa nazo daftarini, lakini kwa masikio yangu nilizijua siku ile.

Basi nikawa mshika maikrofoni wake kila likizo. Alinionya kuwa sauti isiachwe kupanda mpaka ikagota, kwa maana kilele kikikatwa hakuna fundi wa kukirudisha. Wacheza bugobogobo walipokuja, ngoma aliziweka mbali uani na mwimbaji karibu. Mzee mmoja alileta ndono, ule upinde wa uzi mmoja wenye kibuyu. Sauti yake ni ndogo sana, hata ikatubidi kungoja saa nane za usiku, kelele zilipopungua. Mzee alipiga kwa muda wa saa nzima macho yakiwa yamefumba. Kaka hakumtoza hata senti.

Riziki yake hasa ilitoka katika foleni ya feri. Madereva na abiria, wakingoja kuvuka kwenda Busisi, walimjia awawekee nyimbo katika simu na memori kadi. Tarehe 19 Juni 2025 likafunguliwa Daraja la J. P. Magufuli, urefu wake kilomita 3 hivi, na kuvuka kukawa kwa dakika chache. Tulishangilia sana, tena kwa haki, kwa kuwa mgonjwa wa Sengerema hangoji tena feri. Ila magari hayasimami. Mama yangu, aliyekuwa akikaanga samaki pale kivukoni, alihamishia karai lake Usagara. Studio haibebwi kichwani.

Desemba ile akaja bwana mmoja kutoka mjini na mkataba wa Kiingereza na ahadi ya shilingi 800,000. Kaka aliishia darasa la saba, akanipa niusome. Nilikaa nao na kamusi siku mbili. Ulisema kwamba nyimbo zote alizotunga na atakazotunga, pamoja na kila alichopata kurekodi, viwe mali ya yule bwana daima. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 humlinda mtunzi, lakini haimkatazi mtu kuuza kilicho chake.

Aliniomba nirudie mstari ule mara tatu. Alikuwa akidaiwa kodi ya miezi minne.

“Mwanafunzi,” akasema, “zangu ningempa. Ile ya mzee nitaiuzaje?”

Akairudisha karatasi bila sahihi. Wako waliomwita mjinga, na mmoja wao ni mama yangu, ambaye humpenda kama mwanawe. Mimi nilimwona amesimama wima, ingawa usiku ule hakugusa gitaa.

Tangu hapo ameuza spika zake kubwa, amelipa kodi, na kwa salio amenunua kinasa sauti kidogo cha betri. Sasa huwafuata wacheza ngoma vijijini kwao, hata ng'ambo ya Sengerema, nao humlipa wanachoweza, mara nyingine mahindi. Siku ya wazazi mama aliniletea barua yake fupi. Aliniuliza mtihani wa Kidato cha Nne utakwisha tarehe gani, kwa sababu mzee wa ndono amekumbuka wimbo mwingine, na hakuna wa kushika maikrofoni.